Jerikeni, Gunia na Buu wa Unga

Mhadhara uliotolewa Diff, Wajir Kusini, mbele ya wazee, walimu na wafugaji; umechapishwa karibu kama ulivyosemwa

 

Chifu wetu, wazee mliokaa mbele, mashehe, walimu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama ukutani kwa kukosa viti, nawashukuru kwa kuitikia mwito. Nimeombwa niseme Kiswahili kwa kuwa walimu na wauguzi waliomo humu wametoka kila pembe ya nchi. Mzee ambaye neno litampita atafasiriwa na mjukuu wake. Nashukuru pia kwamba mmekuja hali mkijua ninachokuja kusema. Kuna mahali nilitaja wadudu, nusu ya watu wakakumbuka wana safari.

Nia yangu ni kueleza namna ya kumfuga buu wa unga katika nchi hii ya jua na ukavu, na kuonyesha kwamba ujuzi unaotakiwa mnao tayari majumbani mwenu, umeshonwa kwenye jerikeni. Mambo ya jerikeni nitayarudia. Sikuja kuuza kitu, wala sikuja kumwambia mtu aache ngamia afuge dudu.

Nina hoja tano. Moja ni ndefu kuliko zote kwa sababu ndiyo iliyonitia hasara.

1. Tumjue kwanza mfugo wenyewe

Wengine humwita funza wa unga. Mimi jina hilo nalikwepa, maana ukitamka funza hapa Kenya, mtu huangalia vidole vya miguu yake. Huyu hana haja na mguu wa mtu. Ni mtoto wa mbawakawa mdogo mweusi aishiye kwenye nafaka na unga uliokaa sana, ambaye wataalamu humwita Tenebrio molitor. Wenye maduka hapa mnawajua jamaa zake. Ndio mnaowalaani kila mkifungua gunia la zamani.

Mbawakawa jike huishi miezi 2 au 3, na katika muda huo hutaga mayai 250, wengine hata 500, madogo kiasi kwamba utayadhani ni vumbi la pumba. Wiki moja hivi au mbili, yai huanguliwa. Buu hula, hujivua ngozi, hula tena, na hali ikiwa njema baada ya miezi 2 hadi 3 amefika sentimita 2 na nusu au 3, rangi yake kama asali iliyokaa. Hapo huacha kula na kugeuka pupa. Nimewaletea wachache kwenye kopo, lipitisheni. Mnaona? Mweupe, amepinda kama punje ya mchele iliyovunjika, hana mdomo wa kula wala mguu wa kutembea, lakini ukimgusa hujipinda kiuno. Wiki moja au mbili, anatoka mbawakawa, kwanza mweupe, kesho hudhurungi, kisha mweusi. Mzunguko unaanza upya.

Kwa nini tumfuge? Kwa ajili ya kuku. Naona wazee wanatabasamu. Najua, babu zetu walimhesabu mtu kwa ngamia, na mwenye kuku hakuhesabiwa. Lakini leo asubuhi hapa Diff nimekula mayai mawili kwenye hoteli, na mayai hayo hayakutagwa hapa. Yalikuja kwa lori, na mwenye hoteli akanionyesha trei ambayo nusu yake ilipasukia njiani. Ukitaka yatagwe hapa hapa, utaambiwa kuku anataka protini, na protini ya kuku nchini mwetu ni omena wa Ziwa Victoria na soya. Omena amevuka nchi nzima kuja kuliwa na kuku wa mpakani! Buu wa unga akikaushwa, karibu nusu ya uzito wake ni protini, na waweza kumfuga chini ya kitanda.

Nisitie chumvi. Buu akiwa hai, zaidi ya nusu yake ni maji. Na kilo moja ni mabuu kama 8,000 hadi 10,000. Asije kijana akatoka hapa na hesabu za kununua Land Cruiser.

2. Joto

Maandiko mengi ya kufuga buu huyu yametoka nchi za baridi, Uholanzi na majirani zake, na yameandikwa na watu wanaogombana na baridi. Yatakuambia utafute mahali penye joto, uweke taa, uzibe madirisha. Mtu wa Diff akiyafuata neno kwa neno ataua mifugo yote kwa siku moja. Nasema hivyo kwa kuwa niliwaua.

Ilikuwa Jilaal, kiangazi chetu, mwezi wa Februari. Nilikuwa na makarai manne ya plastiki, kila moja limejaa pumba na mabuu kina cha kiganja kizima, nikayapanga kwenye stoo yangu ya mabati. Kipimajoto ninacho, nami najiona mtaalamu. Nikakitundika nje, kwenye kivuli cha mti, kikasoma nyuzi 36. Nikajiambia, ni joto lakini watavumilia. Nikaenda kuswali Ijumaa, nikapitia kwa rafiki, tukanywa chai. Niliporudi alasiri nilisikia harufu kabla sijafungua mlango, harufu ya samaki aliyesahauliwa. Mabuu waliokuwa juu walikuwa wamejinyoosha, hawajipindi tena, na wengine wameanza kuwa weusi upande wa kichwa. Nikatia mkono katikati ya karai. Wallahi niliutoa haraka. Kipimajoto nilipokizamisha mle ndani kilifika 43.

Makosa yangu yalikuwa matatu, na yote matatu ni somo.

La kwanza, nilipima joto la mti. Buu haishi mtini. Joto hupimwa ndani ya pumba, katikati ya karai, mahali anapolala mwenyewe.

La pili ndilo wengi hawalijui, yaani mabuu wenyewe hutoa joto. Mdudu mmoja hana joto la maana, lakini elfu kumi waliorundikana wakila na kusuguana hupandisha joto la karai nyuzi kadhaa kupita hewa ya chumba. Ni kama mbuzi mnaowafungia wengi kwenye zizi dogo usiku wa baridi, wanapashana. Baridi ikiwapo hiyo ni neema. Jilaal ni mauti. Tangu siku ile simwagi pumba na mabuu zaidi ya sentimita 3 wakati wa jua kali. Makarai yakawa mengi, kila moja likawa jepesi.

La tatu ni mabati. Hapa sina la kuwafundisha. Mwenye aqal, nyumba yetu ya mikeka, na mwenye kibanda cha mabati, saa nane mchana, nani analala usingizi? Mkeka hupitisha upepo na hauchomi kama bati. Nyumba za zamani za mjini Wajir, zile nyeupe za mawe zilizopakwa chokaa, nazo zina ukuta mnene unaochelewa kupata moto. Buu anataka nyumba ile ile ambayo mzee angeichagua kwa usingizi wake wa mchana.

Sasa vipimo, na walimu waandike. Buu wa unga hustawi sana kati ya nyuzi 25 na 28. Ikipita 30, ukuaji hudorora na vifo huongezeka. Ikikaribia 40, hufa. Upande wa chini sina haja ya kueleza sana. Kukiwa na ubaridi huzubaa tu, akachelewa kukua, na usiku wa Diff haujawahi kumuua buu wangu yeyote. Kwa hiyo mfugaji wa hapa anagombana na saa sita au saba tu za siku, tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Akizivuka hizo, usiku unamsaidia.

Yuko ndugu yake mdogo, Alphitobius, mbawakawa wa mabanda ya kuku, anayestahimili joto kuliko huyu na hustawi hata kwenye nyuzi 30 na kidogo juu. Vijana mmemsikia redioni. Mwaka 2024 watafiti wa icipe, kile kituo cha wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, wakiwa na Dkt. Fathiya Khamis, walitangaza kwamba mabuu wa Alphitobius waliopatikana hapa Kenya hula polisterini, ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungia televisheni. Katika muda wa majaribio walivunjavunja karibu asilimia 12 ya polisterini waliyopewa, na waliochanganyiwa pumba walifanya vizuri zaidi kuliko waliopewa plastiki tupu. Ni habari njema, na nilijivunia. Lakini kijana usiende kuwalisha kuku wako mabuu wa plastiki. Na huyo Alphitobius akiingia kwenye banda la kuku bila mpango ni balaa, kwani hubeba vijidudu vya maradhi na hutoboa mbao za banda. Mimi nimebaki na yule mkubwa, nikahangaikia kivuli.

3. Ukavu, na jerikeni niliyowaahidi

Buu wa unga anataka hewa yenye unyevu wa asilimia 60 hadi 75. Mchana wa Jilaal hewa yetu haikaribii hapo. Ni kweli anaweza kuishi kwenye unga mkavu bila tone la maji. Mwili wake hutengeneza maji kutokana na chakula, kama ngamia anavyojikimu kwa namna yake. Lakini kuishi si kustawi. Kwenye ukavu hukua polepole, hubaki mwembamba, na kibaya zaidi, hugeukia wenzake. Mabuu wenye kiu huwala pupa kwanza, kwa sababu pupa hawezi kukimbia. Ukikuta maganda matupu ya pupa yamezagaa kama makapi ya mpunga, usitafute panya. Ni kiu.

Basi tuna maadui wawili, joto na ukavu. Nilikaa nikifikiri ni vita viwili, mpaka siku moja mke wangu alipokuwa akiloanisha jerikeni ya maji ya kunywa.

Kila nyumba hapa ina ile jerikeni ya lita 20 iliyoshonewa gunia. Mnaimwagia maji asubuhi, mnaiweka penye upepo, na adhuhuri maji yake yanapoza koo. Mbona inapoa ilhali kila kitu kinaungua? Kwa sababu hewa yetu ni kavu. Hewa kavu ina kiu. Hunyonya maji kwenye gunia, na maji yakiruka huondoka na joto. Mtu wa Lamu akishona gunia kama lile halimsaidii sana, hewa ya bahari imeshiba maji. Huku ukavu ndio unaopoza. Na maji yale yale yaliyoruka huiacha hewa ya karibu na gunia ikiwa na unyevu.

Nikachukua fremu ya kitanda kikuukuu, nikaisimamisha kwenye upenu wa nyumba upande usio na jua la mchana, nikaizungushia magunia pande zote, na makarai nikayapanga ndani kwenye mbao. Juu nikaweka beseni la maji na vipande vya gunia vilivyoning'inia kama tambi, vikivuta maji kidogo kidogo na kuyashusha kwenye kuta. Siku ya kwanza, nje ilikuwa 36, ndani ya pumba nikasoma 29. Nilirudia kupima mara nne, kwa sababu kipimajoto kile kilikuwa kimeshanidanganya. Au tuseme, nilijidanganya mwenyewe.

Mama aliyekaa karibu na mlango ameinua mkono, nami nalijua swali lake kabla hajalisema: maji yanatoka wapi? Hilo ndilo swali la kweli la kaunti hii. Kabati langu hilo la magunia hunywa lita 5 hivi kwa siku wakati wa Jilaal, na wakati mwingine pungufu. Yaani jerikeni moja hunipitisha siku nne. Ni kama kunywesha mbuzi mmoja. Na maji hayo si lazima yawe ya kunywa. Mimi hukinga maji ya udhu kwenye beseni, na hayo yanatosha sehemu kubwa ya siku. Baada ya misimu mitano ya mvua kushindwa mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, simwambii mtu wa Wajir kwamba maji ni jambo dogo.

Tahadhari moja. Unyevu ukae hewani, usikae kwenye pumba. Pumba zikilowa, huota ukungu na kuleta utitiri, vidudu kama vumbi linalotembea kwenye ukingo wa karai, na hapo mabuu huanza kufa mmoja mmoja. Deyr ya 2023, mvua za mwisho wa mwaka zilipofurika, kazi yangu iligeuka: nikavua magunia yote, nikaacha upepo upite, na kila asubuhi nikipekua pumba kwa vidole kutafuta mabonge. Mfugaji anayeloanisha gunia kwa mazoea tu, bila kugusa pumba, atajuta msimu wa mvua.

4. Chakula

Kitandiko na chakula ni kitu kimoja: pumba za ngano. Huuzwa kwa gunia Garissa mjini kwa ajili ya ng'ombe wakati wa ukame. Mabuu hula kama kilo 2 za chakula ili waongeze kilo 1 ya mwili. Ukinunua pumba, zianike juani siku mbili kabla ya kuzitumia. Jua letu ambalo nimelisema vibaya tangu nianze litakufanyia kazi ya kuua wadudu wengine waliokuja nazo. Kwa maji, wape vipande vya karoti, viazi, au ganda la tikiti kutoka mashamba ya mto Tana, vilivyokatwa vyembamba na kuwekwa juu ya pumba, uso uliokatwa ukiangalia juu. Kila asubuhi toa cha jana kabla hakijaoza. Wanavyokusanyika chini ya kipande cha tikiti, utadhani ni watu kisimani.

Wasile unga wa watu. Anayefuga buu kwa unga wa msaada amekosea hesabu na amekosea adabu.

Karai liwe la plastiki laini, kwani buu hawezi kupanda ukuta unaoteleza, na hivyo hahitaji kifuniko zaidi ya wavu wa kuzuia mijusi. Kila baada ya wiki moja au mbili chekecha mbawakawa, wahamishie karai jipya, na yale mayai waliyoyaacha yaanguliwe kwa amani. Wakikaa pamoja, wazazi huwala watoto. Vumbi linalobaki chini ya chekeche ni kinyesi chao, kikavu kama mchanga laini. Usikitupe, ni mbolea nzuri ya sukuma na mchicha.

Kwa kuku, buu ni kitoweo, si ugali. Mpe kiganja kidogo juu ya chakula chake cha kawaida. Na kwa kuwa buu huyu ana kalsiamu kidogo mno, kuku wa mayai aongezewe maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa, la sivyo utaokota mayai laini kama mfuko.

5. Dini na afya

Hapa nitapita upesi, kwa sababu mashehe wapo na mimi si mwenye kutoa fatwa. Nzige ni halali na kila mtu anajua. Walipoingia nchini mwishoni mwa Desemba 2019 wakipitia huku kwetu Wajir na Mandera, hakuna aliyeuliza hukumu yao, tuliuliza dawa. Buu ni jambo jingine, na sikuja kumwekea mtu buu kwenye sahani, ingawa Umoja wa Ulaya ulimruhusu kuwa chakula cha watu mwaka 2021. Nazungumzia chakula cha kuku. Hata hapo kuna suala la jallala, mnyama anayekula najisi, ambaye fiqhi inataka afungiwe na kulishwa kilicho safi kabla ya kuliwa. Ndiyo sababu sikuanza na nzi askari mweusi anayesifiwa sana Nairobi. Yeye hulelewa kwenye takataka, hata samadi. Buu wangu amezaliwa kwenye pumba, amekula pumba na tikiti. Niliona ni swali dogo zaidi kuwapelekea mashehe, na jibu watalitoa wao.

Kuhusu afya: vumbi la makarai huamsha pumu. Chekecheni nje, mkifunika pua kwa shuka. Anayevimba akila kamba wa bahari asishike kazi hii, kwani mwili wake unaweza kuwakataa mabuu vilevile. Na makarai yasikae karibu na stoo ya chakula, maana huyu ukimfuga ni mfugo, akikutoroka ni mwizi wa unga.

Jilaal ijayo

Nimekuja na makarai matatu, nayo yanabaki hapa shuleni kwa idhini ya mwalimu mkuu. La kwanza litakaa kwenye pumba za ngano tupu. La pili litachanganywa unga wa maganda ya mathenge, mti ambao umeziba malisho yetu na ambao mbuzi hula maganda yake bila kuhimizwa. Nataka kuona mabuu wanasemaje. La tatu litakaa nje ya kabati la gunia, penye kivuli tu, ili tujue kabati linastahili maji yake au la. Wanafunzi wa gredi ya saba watasoma kipimajoto mara tatu kwa siku, ndani ya pumba, na kuandika kwenye daftari. Nitarudi Jilaal ikiwa katikati, wakati wa jua lile lililonifilisi, tufungue daftari pamoja, na karai likiwa limekufa tutaandika kwamba limekufa.

Kabati liko pale kwenye veranda, upande wa kibla. Anayetaka kutia kidole kwenye pumba ajionee, aende baada ya maswali. Na kabla ya swali la kwanza, nimwombe kijana mmoja pale ukutani aniletee lile beseni la maji ya udhu. Naona kutoka hapa gunia limeanza kukauka.